Mashauri ya Nyumbani: Wimbo Alioutunga Mtoto



Mwezi huu tumekusudia kusema nanyi habari za nyimbo. Si zile zilizomo vitabuni, ambazo ninyi mwazijua kama tuzijuavyo sisi, bali zile ambazo watoto wenu huzitunga wenyewe shuleni katika saa ya muziki. Mzazi mmoja alitujia jioni akatuuliza, “Mwalimu, mwanangu amepewa kazi ya kutunga wimbo. Je, hiyo nayo ni kazi ya shule? Sisi tulifundishwa nyimbo, hatukuambiwa tuzitunge.” Swali lake ni jema, na hatupendi kulijibu kwa haraka, maana katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, na kosa letu ndilo lililotufundisha. Basi tutaanza kwa kuungama.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisaidia kufundisha katika shule moja ya bonde letu la Kilombero. Siku moja tuliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita kila mmoja alete wimbo wake mwenyewe. Walipokuja, wengi walikuwa wametwaa tuni za kanisani au za redioni wakabadili maneno tu. Nasi tuliwasifu, kwa kuwa tuni zile tulizijua, na mtu husifu upesi kitu akijuacho.

Akasimama kijana mmoja mpole, mtoto wa mjane, akaimba maneno haya machache kwa sauti ya kupanda na kushuka:

Kwelea, rudi mtoni,
mpunga huu wa mama;
mama yuko hospitali,
akirudi atakula nini?

Tuni yake ilikuwa ile ile ambayo watoto hutumia juu ya dungu wanapoamia ndege. Wenzake wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kisha tukamwambia mbele ya darasa, “Hizi ni kelele za kufukuzia ndege. Keti, ukatafute wimbo.” Tukampa alama ndogo, tukaendelea na kazi. Akaketi. Tangu siku ile hakuimba tena, wala katika saa ya muziki wala katika kwaya ya watoto. Midomo yake ilifunguka pamoja na ya wenzake, lakini sauti haikutoka. Nasi hatukuona.

Ninyi mkaao Ifakara na vijiji vya bondeni mwajua jinsi mambo yalivyo wakati wa mpunga kubeba mimba na kukomaa. Nyumba nyingi huhamia mashambani, madungu yanasimama kila upande, na mtoto atokaye shuleni hushika kombeo au debe akapanda kuamia. Katika majira hayo tulikwenda kwa baiskeli kuwatembelea Wakristo walio mashamba ya mbali. Matope yakatushinda, tukashuka tukawa tunaisukuma. Ndipo tukasikia kutoka dungu moja sauti ya mtoto ikiimba juu ya mama aliye hospitali, na kutoka dungu la pili na la tatu watoto wengine wakiitikia, “Rudi, rudi mtoni!” Wimbo ulikuwa ukivuka shamba zima, na kwelea waliruka mbele yake. Ulikuwa wimbo ule ule tulioukataa. Watoto walikuwa wameuongezea kiitikio, wakaufanya wao.

Tukamkuta kijana yule kwenye dungu la nyumba yao. Tukamwuliza habari za mama yake. Akasema alikuwa amelazwa muda mrefu, na sasa amerudi, yumo kibandani anapika. Tukamwuliza tena, “Je, amekwisha usikia wimbo wako?” Akainama, akajibu, “Shikamoo, Mwalimu, nisamehe. Aliusikia kwa watoto wa jirani. Aliponiuliza ni wimbo gani, nilimwambia ni kelele tu.”

Ndugu wapenzi, neno lile lilikuwa letu. Tulilitia kinywani mwake, naye akalichukua mpaka kwa mama yake. Tulidhani tumesahihisha kazi ya shule, kumbe tulikuwa tumemnyima mama mjane kitu ambacho mwanawe alimtengenezea alipokuwa mgonjwa. Usiku ule hatukupata usingizi mwema.

Tukaanza kuuliza na kusoma, ili tujue nyimbo tunazoziheshimu zilitoka wapi. Tukaona ya kwamba nyingi zilianza mahali padogo kama dungu lile.

Chukueni wimbo wa taifa letu. Tuni ya “Mungu ibariki Afrika” ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, katika Afrika Kusini. Alikuwa na desturi ya kuwatungia wanafunzi wake nyimbo, akaziandika kwa solfa katika daftari. Wimbo huu uliimbwa hadharani mwaka 1899, katika ibada ya kumweka mchungaji wakfu. Sontonga alikufa mwaka 1905, wala hakujua kazi yake ingefika wapi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, tuni ile ilikuwa ya wimbo wa taifa, yenye maneno ya Kiswahili. Na mwaka 1997 nchi yake mwenyewe iliitia katika wimbo wake wa taifa. Kaburi lake lilifanywa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Basi, kila tunaposimama wima kuimba, twaimba kitu kilichotoka katika daftari la mwalimu wa shule.

Tena watazameni jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1963, walipotafuta wimbo wa taifa, hawakuagiza tuni kutoka ng'ambo. Walichukua wimbo ambao akina mama Wapokomo hubembelezea watoto, na watu waliojua muziki wakautengeneza. Wapokomo ni wakulima na wavuvi wa kandokando ya mto Tana, watu wanaoyajua mafuriko kama sisi tunavyoyajua. Mama aliyekuwa akimlaza mwanawe katika nyumba ya bondeni hakudhani kwamba anaimba jambo ambalo askari watalipigia saluti.

Hata kwetu Tanzania mfano uko, nao wahusu wanafunzi wenyewe. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi katika chuo cha teolojia cha Walutheri huko Makumira, karibu na Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya”, unaoimbwa kwa tuni ya kienyeji. Mwalimu mmoja wa chuo kile, Howard Olson kutoka Marekani, hakuwaambia wanafunzi wake kwamba tuni za kwao ni kelele. Alizikusanya, akazitia katika kitabu, na wimbo huu akautafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutia katika Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Fikirini hayo: wazee wetu walipokea nyimbo kutoka Ujerumani, na Wajerumani nao wakapokea wimbo kutoka kwa mwanafunzi wa Tanzania. Nasi katika mwaka wetu tulimwambia mwanafunzi aketi.

Huenda mtu akasema, “Hayo ni ya Walutheri.” La, Kanisa letu nalo limenena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba muziki wa mataifa yaliyo katika nchi za misioni upewe heshima yake, na kwamba wamisionari waandaliwe ili waweze kuuendeleza, kanisani na shuleni pia. Angalieni, shule imetajwa. Na mwaka huo huo wa 1963 Padre Stephen Mbunga, mwana wa Tanganyika, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo sisi tuliomcheka mtoto hatukuwa tumeitetea heshima ya Kanisa. Tulikuwa hatujasoma tu.

Sasa twaja kwa waalimu wenzetu. Mtauliza, “Je, basi tuyapokee yote, tusisahihishe?” Sivyo. Kutunga ni kazi kama kufuma mkeka. Asiyefundishwa hufuma ovyo, na asiyesahihishwa hubaki pale pale. Lakini kusahihisha si kunyang'anya. Tangu siku ile ya matope tumefuata njia hii, nayo imetufaa.

Kwanza, twamwambia mtoto atunge juu ya jambo alilolifanya au kuliona kwa macho yake: kutwanga, kuvuka mto kwa mtumbwi, kuvua kambale, garimoshi la TAZARA lipitapo usiku, chandarua kilichotoboka. Mtoto akiagizwa atunge juu ya “upendo” au “maendeleo” ataazima maneno ya watu wazima, na wimbo utakuwa mtupu kama debe.

Pili, asianze na tuni. Aanze kwa kuyasema maneno yake kwa sauti, kama amwambiaye mtu, huku akipiga makofi mahali neno linapokazwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema BWA-na, si bwa-NA. Twasema SHA-mba, lakini tukiongeza herufi mbili mkazo wahama, twasema sha-MBA-ni. Vivyo hivyo MBI-ngu na mbi-NGU-ni. Hili ndilo jambo ambalo nyimbo nyingi zilizotafsiriwa hukosa, kwa sababu tuni ilikuwapo kwanza, na maneno yakaja kusukumwa ndani yake kama mguu katika kiatu cha mtu mwingine. Mtoto atungaye kwa kupiga makofi hupata tuni inayokwenda na lugha yake, na hata bibi asiyejua kusoma huyaelewa maneno siku ya kwanza.

Tatu, awepo kiongozi, wawepo waitikiaji. Kiitikio kiwe kifupi, ili mtu akishike akikisikia mara mbili. Hatukuvumbua sisi jambo hili. Watu watwangao pamoja hufanya hivyo, wapigao kasia hufanya hivyo, na watoto wale wa madungu walifanya hivyo bila kuamriwa na mtu.

Nne, uimbwe kabla haujaandikwa. Wako watoto ambao mkono wao ni mzito kwa kalamu, lakini sikio lao ni jepesi kuliko letu. Mwalimu na asikilize, aandike kwa solfa. Msidhani kwamba solfa ni elimu ya wakubwa. John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeieneza katika karne ya 19, aliitwaa kwa mwalimu wa kike, Sarah Glover wa Norwich, ili watoto na watu wasio na mali wapate kusoma muziki bila gharama kubwa. Kwa hiyo twairudisha kwa wenyewe.

Tano, sahihisheni kwa kuuliza. Mwulizeni mtoto, “Neno hili wataka tulisikie sana, au la? Hapa kwa nini umepanda juu?” Mara nyingi yeye mwenyewe ataona kosa. Na mara nyingine mtaona kwamba lile mlilolidhania kosa si kosa. Katika wimbo wa kijana yule mstari wa mwisho ni mrefu kuliko mingine, hata mwimbaji hana budi kukimbia ili aumalize. Tulikuwa tayari kuupunguza. Lakini tulipousikia ukiimbwa juu ya madungu tukafahamu: mtoto anayekimbia kuuliza mama atakula nini ni mtoto aliye na hofu. Tukauacha jinsi ulivyo.

Sita, chini ya wimbo andikeni jina la mtungaji, na mwaka. Ni jambo dogo, lakini nyimbo ngapi za wazee wetu twaziimba, wala hatujui zilitoka kwa nani? Mtoto aonaye jina lake chini ya kazi yake hujifunza ya kwamba kazi ina mwenyewe. Naye hatathubutu kuiba ya mwenzake, kama wale wanafunzi wetu walioleta tuni za redioni na kusema ni zao, nasi tukawasifu.

Nanyi wazazi, maneno machache kwenu. Wako baadhi yenu waogopao tuni za kienyeji, mkisema, “Tuni hii ni ya ngoma, ya mambo tuliyoyaacha.” Hofu yenu hatuidharau, maana zipo nyimbo ambazo maneno yake hayafai kinywani mwa mtoto, na hizo zikataeni bila aibu. Lakini pimeni maneno na tendo. Msiihukumu sauti peke yake. Kinu hakina dhambi kwa sababu kilitwangiwa pombe jana. Wazee walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Tuni ya mashambani ndiyo mbacha tuliolalia utotoni.

Tena si kila wimbo wa mtoto uletwe kanisani. Wimbo wa kwelea mahali pake ni shambani, na wimbo wa chandarua mahali pake ni shuleni na kliniki. Wimbo utakaoimbwa kwenye Misa upitie kwanza kwa mwalimu wa kwaya na kwa Padre. Mpango huo ni mwema; nao hautangui sifa ya nyimbo nyingine, kama vile nguo ya Jumapili isivyoifanya nguo ya kulimia kuwa mbaya.

Mtoto akirudi nyumbani akisema, “Nimetunga wimbo,” acheni mlifanyalo kwa muda mfupi, mkasikilize. Msicheke, hata ukiwa wa kuchekesha, ila kama yeye mwenyewe amekusudia mcheke. Mwulizeni umetokana na nini. Pengine mtasikia jambo ambalo hangeweza kuwaambia kwa maneno matupu. Kijana yule hakumwambia mtu yeyote shuleni kwamba mama yake amelazwa. Aliwaambia kwelea, akatuambia sisi kwa wimbo, nasi hatukusikia.

Nalo swali la yule mzazi tunalijibu hivi: ndiyo, ni kazi ya shule. Mtoto atungaye hujifunza kutazama, kuchagua neno, kuhesabu mapigo, kuwasikiliza wenzake, na kuvumilia kusahihishwa. Hayo yote yatamfaa hata asipokuwa mwimbaji kamwe.

Tumalizie tulipoanzia. Jumatatu iliyofuata tulisimama mbele ya darasa la sita. Mahali tulipomwaibisha kijana yule ndipo tulipomwomba radhi, kwa sababu kosa lililofanyika mbele ya watu haliponywi kwa siri. Watoto walinyamaza kabisa. Hawakuwa wamezoea kuona mwalimu akifanya hivyo. Kisha tukamsihi atufundishe wimbo wake. Akakawia. Mwisho akasimama, akaanza kwa sauti ndogo, na darasa likaitikia. Tuliandika solfa ubaoni kwa mkono wetu, na chini yake jina lake. Tulikosea noti mbili, naye akatusahihisha.

Jumamosi yake tukapita tena kwao. Mama alikuwa uani, anapepeta mchele katika ungo, bado amekonda. Akatupokea kwa heshima, akatuambia, “Mwalimu, mtoto amenikalisha jana usiku akaniimbia. Kumbe si kelele.” Akaendelea kupepeta. Nasi hatukuwa na neno la kuongeza, tukakaa, tukala naye wali wa mpunga ule.